Mkaja wa Sheima

Miezi kumi na minne! Mtoto umzae mwenyewe, halafu anyamaze miezi kumi na minne? Bi Masika alishachoka kuambiwa mtandao mbovu. Mbovu vipi, na Mzee Thuwaini, mumewe, kila asubuhi anasikiliza mawaidha kwenye kompyuta hiyohiyo ya sebuleni bila kukwama?

Sheima, binti yao wa pekee, aliolewa na Uwesu wa Ulyankulu, mjukuu wa wakimbizi wa Burundi, wakahamia Kanada. Baba mtu alimwozesha shingo upande. Mama akawa anaongea naye kila Ijumaa kwa kompyuta, maana simu yake ya kitochi haina intaneti, na kupiga ng'ambo ni ghali. Kisha kimya.

"Kakususa," Thuwaini alimwambia, na Masika, maskini, akaamini. Hata hivyo alitunza sandukuni kitambaa cha mkaja. Mimba ya kwanza mtu huzalia kwa mama yake, na mama ndiye humfunga tumbo nacho akishajifungua.

Alhamisi, Thuwaini alipokwenda mazikoni Urambo, Masika akamwita Veneranda, fundi kompyuta wa pale Mtendeni.

"Shikamoo, Bi Masika."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie kidude hiki."

Veneranda akakagua waya, akafungua tovuti ya habari: ikafunguka. Programu ya simu ikagoma. Akazima faiwoli, ule ulinzi unaoamua kipi kipite na kipi kizuiwe, programu ikaamka. Akauwasha tena, ikagoma. Akafungua orodha ya makatazo, akaisoma moja moja.

"Bi Masika, katazo hili halikujiweka. Mtu kaliandika, akalipa na jina."

"Jina gani?"

"Sheima."

Nyumbani mle alikuwamo mtu mmoja tu aliyefundisha kompyuta chuoni miaka ishirini. "Lifute," Masika alisema.

Katazo lilipofutwa, ujumbe ukamiminika. Mama, nina mimba. Mama, nataka kuja kuzalia kwako, mbona hujibu? Mama, baba kanipigia, anasema hutaki kuniona, ni kweli? Na wa mwisho, wa miezi mitano nyuma: Nimejifungua. Mtoto hakukaa. Tumbo nilijifunga mwenyewe. Sitakusumbua tena.

Masika akapiga. Akaunti ilishafungwa. Akalia kwa sauti, bila kumwonea fundi haya.

Jioni Thuwaini alirudi, akakuta mkaja umetandazwa juu ya kompyuta na mkewe kasimama pembeni.

"Mjukuu wako kafa," Masika alisema. "Mwanangu kajifunga tumbo peke yake ugenini, anadhani nimemkana. Umefurahi?"

Mzee alitazama kioo cha kompyuta, akausoma ujumbe. "Nilikuwa nalinda heshima ya nyumba hii, Masika."

"Haya. Heshima hiyo na ikupikie. Ukiugua ikuuguze, na siku ukifa ikuoshe."

Akavaa buibui, akaukunja mkaja, akatoka kwenda kwa Veneranda kutafuta njia nyingine ya kumpata mwanawe. Jikoni hapakuwa na moto.