Kiti Kimoja na Baba Mkwe

...na kama angesogea kushoto, kidogo tu, kiti kingembeba yeye peke yake na Baba angepanda cha nyuma kama mtu mwenye heshima zake, lakini utasogeaje kushoto na umefungwa mbao mbili za kutelezea miguuni, ndefu kama mbao za kitanda, na sasa tazama ulipo, Uwase, unaning'inia hewani juu ya theluji, paja lako limegusana na paja la baba mkwe wako, na mashine ya kuvuta viti mpaka juu ya mlima imesimama. Imesimama kabisa, si kusimama kwa kuvuta pumzi, kiti kinayumba mbele, kinayumba nyuma, na kila kikiyumba bega la Baba linamjia, zito, lina harufu ya sabuni na ya koti lililokaa sana sandukuni, naye anajibana upande wake mpaka chuma cha pembeni kinamwingia mbavuni, afadhali mbavu, mbavu zitapona, aibu ya namna hii haina dawa hata ukifikishwa hospitali. Ee Mungu, sogeza hiki kiti. Sogeza tu, hata kwa kurudi nyuma. Kwao mkaza mwana hakai mkeka mmoja na baba mkwe, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, jina lake halitamki hata akiwa peke yake jikoni, na yule binti wa kukodisha viatu alipouliza mzee huyu anaitwa nani, yeye alisimama pale mdomo wazi kama samaki, mpaka mwanawe Elsa akadakia, "Macaire, his name is Macaire," na binti akaliandika kwa kalamu nene, akalibandika kwenye helmeti, na sasa jina zima liko hapo, karibu na sikio lake, herufi kubwa, linamkodolea macho. Asilisome. Amelisoma. Asilisome tena.

Na haya yote yameletwa na adabu, si kingine, maana Elie mume wake alipanga vizuri, mimi na Elsa tunatangulia, alisema, ninyi mnafuata mmoja mmoja, ni kama ngazi za umeme za stesheni ya Wheaton, tofauti ni kwamba hapa unakaa... Elie huyohuyo ambaye siku ya kwanza Wheaton alishika mkono wa ngazi kwa mikono miwili akafumba macho mpaka juu. Basi zamu ikafika, Uwase akarudi nyuma kumpisha Baba, kwa sababu mkubwa hutangulia, na Baba akarudi nyuma kumpisha yeye, kwa sababu baba mkwe hatembei mbele akionyesha mgongo kwa mke wa mwanawe kwenye mteremko, au sababu nyingine ambayo yeye haijui, viti vikapita vitupu, kimoja, kingine, kingine, watu wa nyuma wakaanza kukohoa, yule jamaa wa ndevu nyekundu anayesimamia mashine akapaza sauti, "Together, folks, together," yeye akarudi nyuma tena, Baba naye akarudi nyuma tena, mpaka wote wawili wakajikuta wamerudi mahali pamoja, na kiti kikaja kwa nyuma, kikawapiga magotini, kikawazoa kama mchanga kwenye beleshi. Hakuna aliyepiga kelele. Baba alisema "pardon," akiiambia milima.

Angalau chuma cha mbele kimeteremka, hawawezi kuanguka, je, wanaweza, hapana, usifikirie kuanguka, fikiria kitu kingine, fikiria kazi. Jumatatu ana zamu Bowie, kwa Walter. Ajabu ni hiyo, Walter ana umri kama wa Baba, na kila asubuhi yeye humwosha, humnyoa, humgeuza kitandani, humpaka mafuta kwenye visigino, na humwita Walter kwa sababu Walter alikataa kabisa kuitwa bwana, wanacheka pamoja, juzi Walter alimwambia, wewe ungekuwa na sauti kidogo ungekuwa rais... Kwa hiyo mkono huu unaweza kumsafisha mzee wa watu kuanzia utosini, lakini hauwezi kusalimiana na mzee wa nyumbani, tangu kiangazi Baba yuko kwao pale Landover na yeye hajamwambia neno moja usoni, yote yanapitia kwa Elsa, "Elsa, mwambie babu chakula tayari," "Elsa, mwambie mama yako chai ilikuwa nzuri," na Elsa, aliyezaliwa hukuhuku, husimama katikati ya sebule akiinua mabega, "Mommy, he's right there." Ndiyo, mwanangu, yuko palepale. Ndilo tatizo lenyewe.

Jumatatu hiyohiyo Baba anapanda basi kwenda Ohio, kwa Gad, mdogo wake Elie. Landover hayupo tena. Ghala analofanya kazi Elie liliwapa wafanyakazi tiketi za bure za mlima huu, mwendo wa kupita mji wa Frederick, Elie akasema basi tumuage mzee kwa kitu ambacho hajawahi kukiona, na kweli hajawahi, na wala hataki kukiona tena, nani anataka kukumbuka safari ya kuagwa iliyoishia kubanwa na mke wa mwanawe juu ya miti kama nguo kwenye kamba. Anaondoka kwa sababu yako. Usijidanganye. Sahani yake hurudi na nusu ya ugali, kila siku, yeye alibadilisha unga, alipunguza chumvi, akaongeza chumvi, akamuuliza Mama Rosalie kanisani anavyopika dagaa, na ugali ukaendelea kurudi nusu. Tena alimsikia kwenye simu, mlango haukufungwa vizuri, "Gad, siwezi kuendelea kukaa katika nyumba ile, nichukue," alisema hivyo, polepole, kama mtu aliyekwisha kufikiri, na yeye alikuwa ameshika beseni la nguo, akaenda nalo chumba cha kufulia akakaa huko mpaka mashine zote zikanyamaza. Mtu aliyeishia darasa la sita atajua nini kuhusu kumtunza mzee. Baba alitaka Elie aoe mwalimu, hilo hakuna aliyemwambia, lakini mambo mengine huambiwi. Na ubaya ni kwamba yeye hataki Baba aondoke. Anataka akae. Alfajiri Baba akidhani wote wamelala huimba wimbo wa kanisani chinichini akitafuta soksi, na nyumba inakuwa nyumba, tangu baba yake mwenyewe azikwe Nyarugusu, kambini kwa wakimbizi, hajaamka akasikia mwanamume mzee akitafuta soksi... sasa huwezi kumwambia mtu hilo, hata kwa Elsa, Elsa angelitafsiri vipi.

"Wewe nguzo," Baba akasema.

Yeye akakaza macho kwenye glavu zake, Mungu wangu, baridi imempanda kichwani, wazee huwa hivyo, Walter akikosa maji huzungumza na pazia. "Wewe nguzo, nakuita wewe, umwambie mama Elsa asitazame chini. Atazame mbele. Kizunguzungu kinakuja kwa macho." Mbele yao ilikuwepo nguzo moja, ya chuma, ndiyo iliyobeba kamba ya viti, na Baba alikuwa ameielekea kwa heshima zote, tai yake imetokeza kwenye shingo ya koti la kuazima, na ikamchukua Uwase muda kuelewa kwamba mzee hajachanganyikiwa hata kidogo, alikuwa anatafuta Elsa, na Elsa hayuko, na nguzo ndiyo iliyokuwa karibu. Sasa afanyeje. Nguzo imetumwa, mtu hawezi kumwacha mjumbe amesimama bila jibu, hata kama mjumbe kazi yake ni kusimama. Akakohoa. "Nguzo," akasema, sauti ikatoka nyembamba kama ya panya, "mwambie Baba nimesikia. Asante."

"Bon. Umwambie pia asiogope kusimama huku. Mimi nikiwa kijana nilibeba ndizi kwa baiskeli, kutoka Bugarama mpaka Bujumbura mjini, mkungu huku, mkungu huku, mwingine nyuma, ni mteremko mtupu, breki ni kandambili. Sasa kurudi juu, nani atakanyaga mlima ule? Unangoja lori, unashika mkia wake kwa mkono mmoja, linakuvuta. Likisimama kilimani, na wewe unasimama. Huulizi dereva. Mwambie hili ni lori tu, nguzo, tena hili lina mahali pa kuweka makalio," na neno hilo lilipotoka Baba akashtuka, akakohoa, akarekebisha, "mahali pa kukaa." Yeye akaona, kwa pembe ya jicho, pembe tu, mbao za Baba zikipunga hewani, moja mbele moja nyuma, kama miguu ya mtoto kwenye benchi refu la kanisani. Anafurahi. Mzee anafurahi, yeye amekuwa akimwomba Mungu kiti kisogee na mzee yuko Bugarama anavutwa na lori... Nyuma yao mwanamke wa kiti cha pili akawaita kwa Kiingereza, msihofu, mtu ameanguka juu pale pa kushukia, ndiyo maana wamezima, mwanamume mkubwa hivi, kavaa koti la njano lenye vipande vya kung'aa, wanajaribu kumwinua lakini kila wakimwinua anateleza tena. Koti la njano la kung'aa. La ghalani. Na kutoka huko juu, kupitia miti, kicheko cha Elsa kikashuka, kirefu, hakina huruma. Baba hana Kiingereza cha hivyo lakini kicheko hicho anakijua. "Nguzo," akasema baada ya kufikiri, "usimwambie mama Elsa ni nani aliyeanguka."

Na yeye akacheka. Akacheka kwa sauti, mbele ya baba mkwe, kabla glavu haijafika mdomoni, akacheka mpaka kiti kikatikisika, kisha akajizuia, akakaza meno, aibu ikapanda masikioni, basi, umemaliza, umechekelea anguko la mwanawe, Ohio hii hapa.

"Mwambie," Baba akasema, sauti sasa iko chini, "mwambie kicheko hicho nakijua. Nakisikia nikiwa nje ya mlango nikitoka kutembea, yuko na mtoto, wanacheka, ninaingia, kinazimika kama taa. Mtu anakula amesimama ndani ya jiko lake. Anangoja mzee alale ndipo akaoge, na alfajiri kazi inamngoja. Mimi najaribu, nakula haraka, naacha ugali katikati ili nitoke pale naye apate kukaa, lakini nikitoka haji kukaa. Nimemfunga jela mtoto wa watu, katika nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana naenda kwa Gad. Gad hana mke. Kule nitamfunga nani?"

Ngoja. Ugali wa nusu... ngoja kwanza. Ule ugali wa nusu ulikuwa ni kumwachia nafasi? Na kutembea kule, jioni zote zile za baridi, Baba na tai yake akizunguka uwanja wa magari mpaka jirani Mwethiopia akauliza kama ni mhubiri, haikuwa dawa ya magoti, kama alivyodhani yeye? Kwa sababu yeye naye, jioni zilezile, alikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, akitazama nguo za watu wengine zikizunguka, nguo zake zimekwisha kukunjwa zamani, anakaa tu ili Baba apate sebule, na Baba anazunguka magari ili yeye apate sebule, na sebule ikabaki tupu, televisheni inajitazama yenyewe, Elsa peke yake kwenye kochi na biskuti zote. Wamepishana tangu kiangazi. Kila mmoja amerudi nyuma, tafadhali tangulia, hapana wewe, tafadhali, mpaka mwisho wa kurudi nyuma ukawa ni basi la Ohio, na hakuna aliyechukiwa, hakuna, hata ugali haukuchukiwa... na alibadilisha unga mara ngapi, Bwana Yesu, na Mama Rosalie sasa anajua mambo yote ya nyumba yake.

Aseme. Aseme sasa. Aseme nini, abaki Baba, tafadhali, hapana, mzee atajibu kupitia nguzo kwamba ameshaamua, mzee aliyeamua habembelezwi na mke wa mwanawe, inatakiwa kitu, si maneno matamu, kitu cha kushika. Akatazama mbele, kama alivyoagizwa, na penye ile nguzo kulikuwa na kibao, theluji imekifunika nusu, kina mchoro wa baiskeli imening'inia nyuma ya kiti kama hiki, na chini yake maandishi, akayasoma polepole, neno kwa neno, jinsi anavyosoma chupa za dawa za Walter, kuanzia mwezi wa tano, baiskeli, mlimani, kupanda kwa kiti, kushuka kwa njia zake. Akasoma tena asije akakosea. Kisha akafanya jambo ambalo hata usiku wa harusi yake hakuwa na moyo wa kulifanya, akageuza shingo, helmeti ikagongana na helmeti, akamtazama.

"Baba."

Si nguzo. Baba akageuka. Ana macho ya Elie, kumbe, macho yaleyale ya kufichaficha, na sharubu zimeganda.

"Majira ya joto viti hivi vinabeba baiskeli. Imeandikwa pale. Unakaa, baiskeli inaning'inia nyuma, inakuvuta mpaka juu kabisa, halafu unashuka nayo."

Baba akakitazama kibao. Akatazama kamba, akaifuata kwa macho mpaka inapopotelea kwenye miti, akatazama mteremko ulio chini yao, sasa yeye ndiye anayetazama chini, tena bila kizunguzungu.

"Inavuta mpaka juu," akasema.

"Mpaka juu, Baba."

"Na dereva hakufukuzi."

"Hapana dereva."

Akaguna, midomo ikacheza kama mtu anayepanga mikungu, huku, huku, na nyuma, na Uwase akili yake ikawa imeshafika Landover, baiskeli itakaa barazani, sanduku la plastiki la Elsa litaondoka hapo liingie chini ya kitanda, na jioni watu watakaa sebuleni, wakae tu, na ugali uliwe wote, hata kama mmoja atautazama ukuta na mwingine dirisha.

"Mama Elsa," Baba akasema, hakuiambia nguzo, "huko Ohio, kuna milima?"

Yeye hajawahi kufika Ohio. Ohio anayoijua ni ukuta mweupe nyuma ya kichwa cha Gad kwenye simu. Kwao mtoto hasemi uongo kwa mkubwa, alichapwa kwa hilo, anakumbuka na fimbo yenyewe.

"Hakuna, Baba," akasema, kwa sauti ambayo Walter angeipenda. "Hakuna hata kichuguu."

Baba akatikisa kichwa polepole, akiisikitikia Ohio nzima, akavuta pumzi aulize jingine, na huko juu walikuwa bado wanamwinua Elie, na kiti kimesimama palepale, kinayumba kidogo, naye akaomba, ee Mungu, wasifanikiwe haraka.