Mikono Saba Juu ya Tumbo la Aule

Aule alikuwa ameshapandishwa juu ya lori. Alikaa katikati ya magunia ya unga, miguu ameitanua ili tumbo lipate pa kukaa. Tumbo lile halikuwa na mtoto. Lilikuwa na uvimbe wa maji chini ya mbavu za kulia, mkubwa kama kibuyu cha maziwa, na sasa ulikuwa unatimiza mwaka wa tano. Ilikuwa Jumanne, saa moja ya asubuhi, na Hersi mwenye lori alikuwa anakaza kamba ya mwisho ya turubai ndipo Lokol, kaka yake Aule, akatokea mbio upande wa hospitali, koti lake la dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, likiwa mkononi.

"Shuka," alimwambia dadake kwa Kiturkana.

Hersi aliiachia kamba. "Wewe Lokol, hata salamu hakuna? Huyu mama amepandishwa na watu wanne. Sasa ashuke kwa nini?"

"Amri ya daktari."

"Wallahi! Daktari gani anakataza mgonjwa kwenda hospitali? Daktari wa kupasua yuko kule hospitali ya misheni mpaka Ijumaa tu, halafu anarudi miezi minne ikiisha. Si ni wewe ulinieleza?"

Kweli Lokol alikuwa amemweleza. Barua ya Aule ya kupasuliwa aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, na nafasi yake kwenye lori aliiomba yeye.

Aule alimtazama kutoka juu. "Kuna nini?"

"Watu wa Nairobi wanakuja Alhamisi. Wanataka kuwaona wagonjwa. Wakiwaona watakubali, na wewe utapasuliwa hapahapa kwetu. Wewe na wengine wote."

Aule aliweka mkono juu ya uvimbe. "Haya. Wewe ndiwe unayejua makaratasi," alisema, akanyoosha mikono ashushwe.

Makaratasi yenyewe yalikuwa kurasa sitini. Lilikuwa ombi la fedha za utafiti, fedha nyingi kuliko bajeti ya hospitali ile kwa miaka kumi, na lilikuwa linakwenda kwa wafadhili wa Ulaya. Jina la juu lilikuwa la Daktari Mungania, mkuu wa hospitali. Lakini kila tarakimu iliyokuwemo ilitoka katika daftari la Lokol. Kwa miaka tisa alikuwa akitembea kwa miguu vijiji vya Ngaremara, Gotu mpaka Leparua, akiandika nani ana tumbo, tangu lini, na nyumbani kwake kuna mbwa wangapi. Maana ugonjwa ulitoka kwa mbwa. Mbwa hula matumbo ya kondoo aliyechinjwa, hubeba vijidudu, halafu huja kumlamba mtoto mchanga akijinyea, kwa sababu mama hana maji ya kumwosha. Mtoto hukua, na uvimbe hukua naye. Lokol alilijua hilo kabla profesa yeyote hajamwambia.

Ukurasa wa kumi na nne alikuwa ameukariri kama sala. Chumba cha upasuaji, Isiolo. Daktari wa kupasua, miaka mitatu. Bomba la maji, Ngaremara. Hilo la maji aliliomba yeye, na Gaceri, karani wa kupiga taipu, akaliingiza kabla Daktari Mungania hajabadilisha mawazo.

Ila ombi halikuruhusiwa kutoka nchini mpaka lipitishwe na kamati ya Nairobi, na siku ya mwisho ya kupokelewa ilikuwa mwisho wa mwezi. Kamati ilijibu kwamba haipitishi matumbo ya kwenye karatasi. Itakuja kujionea. Ombi lilisema wagonjwa kumi na wawili. Kumbe mwaka ule ukame ulikuwa umewatawanya watu. Wengine walifuata mifugo, wengine walikufa kwa njaa. Waliopatikana walikuwa watano.

"Na watano ukitoa dada yako ni wanne," Daktari Mungania alikuwa amemwambia alfajiri ile, akipiga mswaki mlangoni kwake. "Halafu lake ndilo kubwa. Unataka watu wazima watoke Nairobi waje waangalie matumbo madogo madogo? Ni siku mbili tu, bwana. Au hutaki lile bomba lako?"

Lokol alilitaka. Ndiyo maana alikimbia.

Alhamisi hawakuja. Ikaja simu ya upepo: kamati ilikuwa na semina, itafika Jumatatu. Ijumaa daktari wa misheni akafunga vyombo vyake, akaenda zake. Aule alikuwa kitandani wodini, amebandikwa karatasi kifuani yenye namba tano.

"Subira huvuta heri," Daktari Mungania alisema.

Jumatatu asubuhi Lokol alimkuta dereva wa daktari akiondoa dawa kwenye friji ya hospitali. Alikuwa anazitumbukiza zote ndani ya katoni ya sabuni, chanjo, insulini na sindano za dharura za adrenalini pamoja, na kando yake palikuwa na kreti mbili za soda na moja ya bia.

"Hizo dawa unazipeleka wapi?"

"Stoo. Daktari amesema wageni hawawezi kunywa soda ya moto."

"Zitaharibika!"

"Mwambie yeye, mzee. Mimi ni dereva tu."

Lokol hakwenda kumwambia. Alienda kuwapanga wagonjwa kwenye benchi la veranda, kama alivyoagizwa. Waliagizwa pia wasile kitu tangu jana yake, ili uvimbe uonekane vizuri. Kina mama watatu, mzee mmoja, na Aule mwishoni. Jua likapanda mpaka likawafikia miguuni, likawafikia magotini, likawamaliza. Aule aliuliza habari za mtoto wake mdogo aliyeachwa Ngaremara kwa bibi yake. Lokol alimwambia yuko salama.

Magari mawili yaliingia saa tano. Walishuka watu saba, sita kati yao wakijinyoosha viuno. Aliyebaki alikuwa mwenyekiti, profesa, mtu mnene mwenye sauti ya chini ya upole.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Daktari Mungania aliwapokea kwa mikono miwili, na wote wakacheka, wakaingia ndani kula.

Walikula. Mungu wangu, walikula! Mbuzi wawili walikuwa wamechinjwa katika mwaka ambao watu walikuwa wanachemsha ngozi. Kutoka verandani wagonjwa walisikia mifupa ikigongwa kwenye sahani ili uboho utoke, na chupa zikifunguliwa moja baada ya nyingine, na harufu ya nyama ya kuchoma ikawajia hapo kwenye benchi na matumbo yao matupu. Yule mzee aligeuza uso, akatema mate. Saa nane na nusu wageni walitoka wakichokoa meno.

Mwenyekiti alijifuta vidole kwa kitambaa, akawapitia wanne wa kwanza haraka haraka. Alipomfikia Aule akasimama.

"Aa. Huu sasa ndio uvimbe."

Akamlaza pale pale kwenye benchi, akamfunua. Akaweka kiganja, akabonyeza. Mkono ulikuwa bado unang'aa mafuta.

"Profesa, samahani," Lokol alisema. "Huo haufai kubonyezwa sana. Ukipasukia ndani ni hatari, maji yake ni sumu mwilini."

Mwenyekiti alimtazama Mungania, si Lokol. "Huyu ni nani?"

"Dresa wetu. Anatusaidia na daftari."

"Basi atusaidie na daftari." Akawageukia wenzake. "Njooni muone. Kila mjumbe ajiridhishe mwenyewe, maana kila mjumbe atatia sahihi."

Wakaja kwa zamu. Wa pili alibonyeza kwa vidole viwili. Wa tatu aligonga kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Wa nne alikuwa mchumi, hakuwahi kugusa mgonjwa maishani mwake, akacheka, "Ni kama mpira kweli!" Aule aliuma ncha ya shuka. Macho yake hayakumwacha kaka yake, na Lokol alikuwa amesimama, daftari kifuani. Kichwani alikuwa anahesabu sahihi. Wa tano. Wa sita. Bado mmoja tu, dadangu, vumilia, bado mmoja.

Wa saba alitumia viganja vyote viwili na uzito wa mwili wake.

Aule alitoa sauti ndogo. Tumbo likalegea. Halikuwa tena na umbo la kibuyu. Kwanza alianza kujikuna shingo, halafu mikono, halafu ngozi yote ikafura mabaka kama aliyemwagiwa upupu. Midomo ikavimba. Akaanza kutafuta pumzi.

"Adrenalini!" Lokol alipiga kelele, na miguu yake ikamkimbiza kule ilikokuwa imezoea kwa miaka tisa. Akafungua friji. Chupa za soda zilikuwa zimebaki tatu, na sahani ya maini iliyofunikwa kwa ajili ya safari. Akakimbia stoo. Imefungwa. Dereva alikuwa na ufunguo, na dereva alikuwa nyuma ya jiko anakula. Alipoupata ufunguo, akamwaga katoni chini, akapekua chupa kwa chupa, akaipata, akavunja shingo ya chupa, akavuta dawa, akarudi mbio.

Mungania alikuwa amemfunika uso.

Kwenye bomba la uani wajumbe walikuwa wamepanga mstari kunawa mikono. "Nani ana sabuni?" mmoja aliuliza.

Walikutana ofisini kwa nusu saa. Lokol aliitwa alete daftari, akasimama karibu na mlango. Gaceri alikuwa nyuma ya taipureta yake, macho mekundu.

"Tukio la kusikitisha," mwenyekiti alisema kwa sauti ile ile ya chini. "Tumempa pole ndugu yetu hapa. Lakini tuseme ukweli wa kitaalamu. Udhaifu wa ombi hili ulikuwa wapi? Safu ya vifo ilikuwa tupu. Mfadhili atauliza, je, ugonjwa huu unaua? Sasa mna jibu, tena limeshuhudiwa na kamati nzima."

"Tutasahihisha leo leo," Mungania alisema.

"Sahihisheni. Pili, ukurasa wa kumi na nne. Chumba cha upasuaji, bomba la maji... Hii si hospitali, Daktari, ni utafiti. Maji ni kazi ya serikali. Toeni. Pesa hizo wekeni kwenye magari na mikutano ya nje, la sivyo wafadhili watatucheka. Mkitoa, sisi tunatia sahihi sasa hivi na bahasha tunaondoka nayo wenyewe."

Mungania hakuchukua hata dakika moja. "Gaceri, ukurasa wa kumi na nne piga upya."

Gaceri aliingiza karatasi. Alipoumaliza akafika kwenye jedwali la wagonjwa, akainua kichwa. "Niandike jina lake?"

"Majina hatuandiki. Siri ya mgonjwa ni lazima ilindwe. Andika namba tano."

Akaandika namba tano. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya mtunza kumbukumbu, athibitishe kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Mungania alimsogezea Lokol kalamu.

"Daktari, nilikuwa naomba gari nimpeleke nyumbani."

"Gari lina mafuta ya kusindikiza wageni tu. Wewe tia sahihi kwanza, wazee wanachelewa."

Lokol aliitazama ile karatasi. Yote yaliyoandikwa yalikuwa kweli. Akatia sahihi. Ilikuwa sahihi ya nane. Nje aliinama nyuma ya tangi la maji akatapika, na tumbo lake pia halikuwa na kitu ila nyongo.

Jumanne, saa moja ya asubuhi, Hersi mwenyewe alirudisha lori kinyumenyume mpaka mlango wa wodi. Walimpandisha Aule amefungwa katika shuka la hospitali, wakamlaza katikati ya magunia ya unga. Hersi alikaza turubai kimya. Alipomaliza akashuka, akajipangusa mikono.

"Leo amepanda," alisema. "Leo hakuna mtu wa kumshusha."

Hakutaka nauli.

Walimzika Ngaremara kabla ya jua kupanda sana, na watu wakatawanyika, kila mmoja na mitungi yake, maana maji yalikuwa mwendo wa saa tatu. Lokol alibaki amekaa nje ya kibanda na mama yake. Mama alikuwa ameacha kulia. Mtoto wa Aule alikuwa anatambaa mchangani mbele yao.

"Hao watu wa Nairobi," mama aliuliza, "walikubali?"

"Walikubali, mama."

"Basi maji yanakuja."

Mtoto alijinyea, akakaa hapo hapo, akaanza kulia. Mbwa wa Aule alikuwa amelala kivulini. Aliinuka, akaja polepole kama mtu anayejua kazi yake. Lokol aliokota jiwe. Miaka tisa alikuwa akiwaambia wanawake wa Ngaremara nyumba kwa nyumba, msimwache mbwa, msimwache mbwa, hata dadake alimwambia. Akainua mkono.

Mama yake alimshika kifundo cha mkono. Hakumshika kwa nguvu.

"Mwache," alisema. "Mama wa mtoto hayupo. Maji hayapo. Wewe utamwosha na nini?"

Lokol alibaki na jiwe mkononi. Mbwa alimsafisha mtoto vizuri, mbele na nyuma, mpaka akawa safi kabisa. Kisha akamlamba uso na mdomo, na mtoto akaacha kulia, akacheka.