Pumzi ya Jitu la Krismasi

Mtaani kwao mzee aliitwa Jitu, wala hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Enzi za ujana wake, alipokuwa akibeba mizigo kwenye ghala la nyama, ndiye aliyevishwa manyoya na pembe katika ile filamu ya kutisha ya Krismasi iliyowafanya watu wazima warudi nyumbani wameshikana mikono. Katika filamu hiyo familia inamsubiri baba mkesha wa sikukuu. Mlango unagongwa, watoto wanakimbilia kufungua, kumbe aliyevaa koti la baba siye baba.

Jina la mzee halikuandikwa popote. Mwisho wa filamu waliandikwa wenye mali, wenye magari, hata mwenye mbwa, kisha likaja neno moja la kuzoa taka zote: wengineo. Mzee na mkewe walikuwa wengineo.

Binti yao alikuwa fundi picha katika kampuni iliyonunua filamu za zamani, ikazisafisha na kuziuza kwenye diski za kutazamia nyumbani. Kutwa alikuwa mbele ya kompyuta akifuta mikwaruzo, vumbi na ukungu. Siku filamu ya baba yake ilipotua mezani kwake hakumwambia mtu ni ya baba yake, kazi isije ikapewa mwingine. Akaisafisha kama mtu anayeogesha kichanga, hata nyuma ya masikio.

Jumapili mchana akaipeleka diski ya majaribio nyumbani, akavuta pazia, akamwekea mzee mto mgongoni.

“Sogea karibu, baba.”

“Nisogee nijiogope mwenyewe?”

Walicheka. Mzee aliangalia meza ya sikukuu, akaangalia ule mti wa taa, akamtania mwigizaji aliyecheza mke kwamba alikuwa akila chakula cha filamu kabla filamu haijaanza. Kisha mlango ukafunguka, jitu likasimama kizingitini, refu, limejaza fremu nzima. Picha iling’aa. Kila unywele wa manyoya ulihesabika.

Mzee akaacha kucheka.

“Huyo maiti,” akasema.

“Nani?”

“Jitu. Halipumui.”

Binti akadhani ni utani. Mzee akanyoosha kidole, hakikuwa cha utani. “Mwenye filamu alitaka mvuke utoke puani, ionekane ni baridi ya kuua. Mashine ya moshi akaiona ghali. Akasema, si kuna chumba cha barafu pale ghalani, na watu si wapo? Basi ile nyumba ya mbao ya kwenye filamu ikajengwa mle ndani, katikati ya nyama zinazoning’inia. Wenye makoti wakapiga picha kupitia kidirisha, wao wako nje na chai yao.”

“Na mama?”

“Mama yako ndiye aliyeshona lile vazi. Mkia ulikuwa mzito, nikipiga hatua unachanika. Akachuchumaa nyuma yangu akaushika. Nikitoa pumzi, naye anatoa. Yangu ilipanda juu huku, yake ikatokeza hapa chini, ubavuni mwa goti. Watu ukumbini hawakuijua. Mimi kila nilipoiona nilisema, huyo hapo.”

Binti alihisi mikono imekuwa ya mtu mwingine. Alikumbuka vizuri. Programu ya kufuta ukungu ilikuwa imeumeza mvuke wa juu wote, ikabakiza madoa meupe pale gotini. Akayaona yanakera. Akayafuta kwa mkono, moja moja, na alipomaliza akajisifu.

Mama yake alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Kifua kilianzia mle barafuni, nacho hakikumwacha tena. Wenye filamu hawakuuliza. Watu wa namna ile huulizia mkia kama umechanika, siyo aliyeushika. Picha iliyobaki nyumbani ilikuwa ya kitambulisho tu, uso umekazwa kama wa mtu anayesubiri kuitwa.

“Ni mimi, baba. Nimemfuta mimi.”

Mzee akamtazama, kisha akamgusa kichwani kama alivyokuwa akimgusa zamani akiwa na homa. “Hukujua, mama. Maji yakishamwagika hayazoleki. Tule.”

“Haya yanazoleka. Ile nakala chafu bado ninayo.”

Jumatatu asubuhi alimsimamisha bosi mlangoni kabla hajaweka mkoba chini. Bosi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka, na watu wa haraka hukanyaga wengi bila kuwachukia.

“Diski inakwenda kiwandani kesho,” akasema. “Na jaladani tumeandika picha safi kabisa. Sasa unataka kurudisha uchafu?”

“Siyo uchafu. Ni pumzi.”

Mama wa chai alikuwa ameingia na sinia. Fundi picha akamwomba atazame. Kwanza akaonyesha ile safi.

“Huyu si mtu kajifunika zulia?” mama wa chai akasema, akaendelea kumimina.

Akaonyesha ile ya zamani. Jitu likasimama, mvuke ukatoka puani taratibu. Mama wa chai akarudisha birika kwenye sinia.

“Mwanangu, zima. Mimi nina ngazi za kushuka peke yangu.”

Bosi akajikuna shingo. “Haya, rudisha. Lakini huu wa gotini utoe. Jitu litapumuaje kwa goti? Wanunuzi wa siku hizi wanasimamisha picha, wanavuta karibu, wanatucheka.”

“Pale nyuma kuna mtu.”

“Ndiyo nasema mtoe.”

“Ni mama yangu, bosi. Na anayelivaa hilo jitu ni baba yangu.”

Bosi akaketi, akaitazama tena ile picha iliyoganda, kile kiwingu kidogo cheupe kando ya goti.

“Miezi yote hii ungeweza kusema.”

“Ningesema, ungempa mwingine.”

“Ningempa.” Hakukana. “Sasa kama nikisema bado utolewe?”

“Nimeshamfuta mara moja bila kujua. Kwa kujua siwezi. Tafuta mkono mwingine, na huo mkono nitaushika.”

Alisema bila kupandisha sauti, na kwa sababu hiyo bosi alielewa kwamba haukuwa mchezo. Akachukua kikombe chake, akaenda nacho hadi mlangoni.

“Wakicheka, barua zao unajibu wewe.”

“Nitajibu.”

Binti akafanya kazi kutwa. Vumbi likaondoka, mikwaruzo ikaondoka, mvuke ukabaki, wa juu na wa chini. Mama wa chai alipita mara kadhaa kuangalia, akijikinga macho kwa kitambaa cha kufutia meza, akichungulia kwa jicho moja.

Diski zilipotoka kiwandani, ya kwanza ilikwenda kwa mzee. Safari hii hakutania mtu. Mlango wa filamu ukafunguka, jitu likasimama. Ikapanda pumzi kubwa juu. Kisha ikatokeza ndogo, chini, ya haraka kidogo, pumzi ya mtu aliyechuchumaa na kitu kizito mikononi.

“Alikuwa anasikia baridi,” mzee akasema.

“Unajuaje?”

“Inatetemeka. Tazama.” Akaikazia macho. “Nilimwambia atoke. Akasema, nikitoka utaanguka.”

Binti akarudisha nyuma bila kuombwa. Wakatazama tena, na tena, hadi familia ile ya kwenye filamu ikawa haifiki popote, imesimama tu mezani pake ikingoja. Mzee alikuwa ameegemea mbele, viganja magotini. Kila ile ndogo ilipotokeza, alivuta hewa naye, akaishikilia kidogo, akaiachia pamoja nayo.