Roho Saba za Meneja

Paka wetu tulimwita Meneja kwa sababu katika duka letu la ushonaji hakufanya kazi yoyote, ila alizunguka kutwa akitukagua sisi tunaofanya. Mimi nashona, mama anapiga pasi, Meneja analala juu ya vitambaa vya wateja.

Jumapili, nyumbani, aliruka kumkamata ndege kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Ndege akaenda zake, Meneja akaenda chini. Nilishuka ngazi mbio huku nalia, nikamkuta amesimama kwa miguu yote minne, anajilamba kama aliyeshuka kwa hiari yake.

"Paka ana roho saba," mama alisema. "Hapo ametumia moja tu. Muache mwenzio apumzike."

Nikaamini, maana kuamini ni rahisi kuliko kufunga duka. Lakini Jumatatu Meneja aliinamia sahani ya samaki, akaitazama tu. Jumanne vilevile. Mama akamtegea sikio.

"Si unamsikia anavyokoroma? Paka hakoromi ila akiwa na raha zake."

Raha gani hiyo isiyokula? Mchana nikamtia kapuni, nikamwambia mama abaki dukani. Akakataa katakata. Meneja ndiye mjukuu wake wa pekee, jambo ambalo hupenda kunikumbusha mbele ya wateja.

Daktari wa mifugo alimpapasa, akampiga picha. Taya limevunjika, na mbavu mbili. Alisema atalifunga taya kwa waya na Meneja atapona, lakini siku mbili zaidi bila kula tungemzika.

"Roho anayo moja, kama sisi," alisema. "Ila paka haonyeshi maumivu. Huko porini, anayeonyesha ameumia huliwa. Na kukoroma si raha tu. Hata akiumwa hukoroma, anajibembeleza."

Nilimbusu Meneja utosini, nikamwomba radhi mbele za watu bila haya. Kisha mama akasema:

"Hata mimi huimba."

"Unaimba nini, mama?"

"Nikipiga pasi. Nisipoimba, goti linanitoa machozi."

Miezi miwili mama yangu ameimba kutwa, na mimi najivuna kwa wateja: msikieni mama, amepata mtoto wa kumtunza. Mama huyuhuyu aliyenilea kwa "mficha maradhi, kifo humuumbua"! Nilitaka kumgombeza, machozi yakaniwahi.

"Magoti ya watu siyajui, mama," daktari alisema taratibu, "ila hospitali iko hapo mtaa wa pili."

"Kesho," mama akajibu. "Leo nani atapiga pasi?"

"Leo watu watavaa mikunjo, mama."

Tulimwacha Meneja kwa daktari. Mlangoni nikampa mama bega langu, akaegemea kwa uzito wake wote.