Supu ya Kurasa Nne

Mganga hajigangi, na nyumbani kwa fundi saa, jikoni hapakuwa na saa. Mkewe hakuitaka. Yeye alipika kwa riwaya: kitabu mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia. Jirani akimwomba amfundishe supu yake ya kuku na viazi, jibu lilikuwa lilelile: "Kaanga kitunguu nusu ukurasa. Tia nyanya, soma ukurasa mmoja. Kuku, sura nzima. Viazi, kurasa nne, zima moto." Jirani anacheka, anakwenda zake, anaunguza. Mtaa mzima ukambandika jina la Mama Riwaya, naye wala hakununa.

Riwaya yenyewe ilikuwa ileile miaka nenda miaka rudi, ya dada wawili wenye nyumba ya wageni waliompenda mhandisi mmoja. Jalada lilishang'oka na kurasa zilinuka vitunguu. "Kuna riwaya za kupotezea muda," alikuwa akisema, "na kuna riwaya za kuunguzia sufuria. Hizo za pili ndizo za kusoma." Basi alisoma kwa sauti, na fundi akasikiliza kutoka meza yake ya kazi chumba cha mbele. Siku mhandisi alipomposa dada mdogo, fundi aliangusha springi ya saa ya mteja, akaitafuta sakafuni kwa magoti huku akicheka peke yake. Jamani, kuna watu walipendana.

Halafu ukaja huo ugonjwa wa kusahau, hauna haya wala aibu. Ulianza na funguo, ukahamia kwenye majina ya majirani, mwisho ukamchukua mume mwenyewe. Asubuhi moja Mama Riwaya alimkuta fundi jikoni, akamuuliza kwa adabu zote, "Samahani kaka, umemfuata mume wangu? Saa yako imeharibika?" Tangu siku hiyo hakugusa chakula kilichotoka mkononi mwake. Labda tonge moja, labda maji. Akakonda mpaka nguo zikawa zinamvaa yeye.

Binti yao aliposikia, akaja na gari kutoka mji anakoishi. Hakuzunguka mbuyu.

"Baba, nampeleka kwangu. Hataki kulishwa na mwanamume asiyemjua, ndiyo maana hali. Kwangu mimi nipo, muuguzi yupo."

"Mimi ni mume wake."

"Yeye hajui hilo, baba. Atakufa njaa mbele ya macho yako."

Fundi akaomba mlo mmoja tu, wa mchana huo. Mkewe akila kutoka mkononi mwake, abaki. Akikataa, gari liondoke naye. Alikuwa na imani yake kwamba kichwa kinaweza kusahau lakini ulimi hausahau, na ulimi ukimkumbuka mume, kichwa kitafuata. Binti akakubali, shingo upande.

Fundi akawasha jiko, akafungua riwaya, akaanza kusoma huku viazi vikichemka. Binti alifuata harufu ya kuungua hadi jikoni. Akamkuta baba yake kainama juu ya ukurasa wa pili, kidole kikifuata mstari, viazi vimeshakuwa uji.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nasoma. Viazi kurasa nne. Wiki yote najaribu, vinaniharibikia."

"Unasoma kila neno?"

"Sasa nisome vipi?"

"Lo! Mama alikuwa anaruka, baba. Milima anaruka, mawingu anaruka, suti za mhandisi anaruka. Anasoma mahali watu wanapozungumza tu."

Fundi akamkabidhi kitabu. Ndoa nzima anasikiliza, kumbe hajawahi kuisikia riwaya yote! Angecheka, lakini kilichotoka hakikuwa kicheko.

Wakamwaga, wakaanza upya. Safari hii alisoma binti, akiruka kama mama yake, akiiga sauti za wale dada wawili. Walipofika pale dada mkubwa anapommwagia mhandisi maji ya vyombo, kicheko kikasikika sebuleni. Mama Riwaya, aliyekuwa hajacheka tangu mvua zianze! Fundi akaharakisha kutia chumvi, nyingine ikamwagika mezani.

Akapeleka bakuli, akaketi mbele yake, akanyanyua kijiko. Mkewe akanusa, akamtazama, akafungua mdomo. Kijiko cha kwanza, cha pili, bakuli likaisha. Binti alikuwa mlangoni, anafuta machozi kwa upande wa khanga.

"Umeshinda, baba," alisema. "Abaki."

Mama Riwaya akafuta midomo. "Asante kaka. Hii supu umeipatia haswa. Ni kama yangu."

"Ni yako," fundi alisema. "Ni yako, mke wangu."

Hakusikia, au alisikia akaona si yeye anayeambiwa. Alikuwa akilitazama bakuli tupu, na uso ukaanza kumkunjamana kama wa mtoto.

"Nimekula yote," alisema. "Sijambakizia."

"Nani?"

"Mume wangu. Usinifikirie vibaya, kaka, siku zote hizi unaniletea chakula nakikataa. Sikukidharau. Yule mtu akishika saa zake hujisahau, hali mpaka nimwite. Mimi nipo huku, nani anamwita? Nitakulaje na yeye ana njaa?" Akamshika fundi mkono kwa mikono yake yote miwili. "Leo harufu imenishinda. Nirudishe nyumbani, tafadhali. Nirudishe kwake."

Akalia. Alilia kwa sauti, ameketi kwenye kiti chake, ndani ya nyumba yake, kamshika mumewe mkono.

Binti alisogea. Fundi akamzuia kwa kutikisa kichwa.

"Mfungashie nguo," alisema. "Nguo za baridi ziko juu ya kabati."

"Lakini baba, amekula. Tumekubaliana."

"Hapa atanililia mimi mbele yangu kila siku, na mimi sitaweza kuja. Mchukue, mwanangu. Huko angalau ataona yuko njiani kuja kwangu."

Alimwongoza mwenyewe hadi kwenye gari, akamfunga mkanda. Mkewe alikuwa ameshatulia, macho yanang'aa kwa furaha ya kurudi nyumbani.

"Mungu akubariki, kaka. Ukimwona mume wangu kabla yangu, mwambie ale, asinisubiri."

"Nitamwambia, dada," fundi alisema, akafunga mlango.