Saksafoni ya Mama Sawa

Saksafoni haikupita mlangoni, kwa hiyo mafundi wawili wa kiwanda waling'oa dirisha la sebuleni, wakaiingiza kwa kamba, wakarudisha dirisha na kunywa chai. Ilikuwa ndefu kuliko mtu yeyote wa mtaa ule na nene kama bomba la maji machafu. Ilipokwisha kuwekwa kati ya kabati na meza, wenye nyumba ikawabidi wapite ubavu ubavu.

Meneja wa kiwanda cha nguo ndiye aliyeiagiza. Alisikia bendi ya kiwanda jirani ina saksafoni kubwa, akataka kubwa kuliko zote, akaletewa hiyo. Haikufaa kitu. Siku ya gwaride saksafoni ilifika imebebwa na watu wanne, wageni wakiwa wameshaondoka. Noti moja ilimaliza pumzi nzima ya mtu, tena ilikuwa ya chini mno. Wenye masikio mazima hawakusikia muziki, waliona tu vijiko vinatembea mezani. Kiongozi wa bendi alisema hicho si chombo, ni mzigo wenye vitufe. Akatwishwa mtu wa kitengo cha rangi, mpole asiyejua kukataa, akaambiwa akiweke kwake.

Mkewe, Mama Sawa, alikuwa mfumaji. Alisimama kati ya mitambo ya kufuma tangu usichana wake, na masikio yalikuwa yamekwisha, kama ya wenzake wote. Wanawake hao wasichokisikia hukiitikia kwa kichwa, huku wakitabasamu. Inaokoa muda. Yeye aliitikia kuliko wote, ndipo likaja jina.

Siku binti yao wa pekee alipoondoka kwenda kutafuta kazi mji mwingine, alisimama mlangoni na begi lake, akasema jambo. Mama Sawa hakulisikia. Aliitikia kwa kichwa, akatabasamu, akamsogezea begi. Binti alimtazama kidogo, akaenda zake. Tangu hapo huandika ujumbe kwenye simu ya baba yake tu: mzima, kazi ipo. Salamu za mama hamna. Mama Sawa aliwahi kumwandikia kumuuliza alisema nini mlangoni, hakujibiwa. Hakuwa na haja nyingine duniani ila hiyo, kujua aliitikia nini.

Jioni ya kwanza mumewe alipopuliza, Mama Sawa aliweka sufuria chini.

"Kuna mtu anaongea," alisema.

Aliisikia kwa nyayo, kisha magotini, kisha kifuani. Kesho yake shoga yake wa mlango wa pili alikuja, akavua viatu. Wengine wakafuata, wakitoka zamu moja kwa moja, wakaketi sakafuni na vumbi la pamba nyweleni. Yaliyotoka kwenye saksafoni ni maneno waliyowahi kuambiwa wakaitikia bila kusikia. Yalikuwa yamelala huko chini, na hakikuwahi kuletwa chombo cha kuyafikia. Yalitoka bila mpangilio, kila mtu akisubiri yake kama foleni ya zahanati.

"Kumbe mkwe wangu aliniambia nyumba inavuja," shoga yake alisema. "Ndiyo maana alininunia. Nami nikamchekea!"

"Mimi naambiwa sketi imepasuka nyuma," alisema mwingine. "Lakini hiyo nilishaigawa."

Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wamechoka, na zamu ya alfajiri haingoji mtu.

Kiwanda kilipowaaga wafumaji waliostaafu, Meneja alitaka chombo chake kionekane. Dirisha likang'olewa tena. Mume wa Mama Sawa alipuliza, ikatoka sauti ya daktari wa zamani wa kiwanda: "Masikio ya akina mama hawa yanakufa. Wapeni vizibo." Ikafuata ya Meneja: "Vizibo vitawachelewesha. Watazoea tu." Hayo yalisemwa mbele yao, katikati ya mitambo, nao wakayaitikia kwa kichwa.

Mfumaji mmoja akayarudia kwa sauti, wenye masikio mazima wayasikie. Meneja aliweka soda yake chini. "Ndiyo, ni mimi," alisema. "Siku ile nilikuwa na mafua."

Akaendelea kugawa zawadi, saa za ukutani zenye kengele nzuri. Wafumaji walizipokea kwa mikono miwili. Hasira walikuwa nayo, tena kali, ila hawakuwa na pa kuipeleka. Siku iliyofuata mitambo iliwashwa kama kawaida na vizibo havikuletwa. Amri ilikuwa moja tu: saksafoni irudishwe ghalani kesho yake asubuhi, inaharibu sakafu za watu.

Jioni hiyo saksafoni ilikuwa imerudi sebuleni kwa usiku wa mwisho, na wafumaji wengine wote walikuwa wameshapata maneno yao. Mama Sawa alilala kifudifudi, shavu sakafuni. Mumewe alipuliza mpaka midomo ikavimba.

"Basi, baba," alimwambia. "Pumzika. Huenda hayapo."

Mumewe aliinua kidole: mara moja tu. Akavuta pumzi, akapuliza, ikatoka sauti ya msichana.

"Mama, naogopa. Kweli unataka niende?"

Mama Sawa alilia kwa sauti asiyoweza kuisikia. Alipoweza kusema, alisema, "Mpigie."

Mumewe alipiga, akamwekea simu mdomoni.

"Mwanangu, sikutaka uende. Sikukusikia, mama. Rudi nyumbani."

Mumewe akairudisha simu sikioni kwake. Upande wa pili ilinguruma mitambo ya kufuma, mingi kuliko ya kwao.

"Sawa," binti alisema kwa upole.

"Umesikia alivyosema mama yako?"

"Ndiyo, sawa."

"Utakuja lini?"

"Sawa, baba. Sawa."

Simu ikakatika, mumewe akaiweka mezani.

"Amesemaje?" Mama Sawa aliuliza. "Atarudi?"

Mumewe alitabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Mama Sawa alilitazama lile tabasamu. Alilijua, maana lilikuwa lake mwenyewe. Aliinuka, akamletea mumewe maji ya vuguvugu ya kukanda midomo, na asubuhi mafundi walikuja kung'oa dirisha.