Mafaili ya Marehemu Hamdu

Bi Asmahani alipotoka eda, vitu vya marehemu mumewe viligawiwa sadaka kama ilivyo desturi. Kanzu za Hamdu zilikwenda kwa wazee wa msikitini, viatu kwa mlinzi wa skuli, baiskeli kwa mpwa wake wa Baleni. Kikabaki kitu kimoja tu, nacho kilikaa sebuleni kimefunikwa kitambaa cha kufuma: kompyuta.

Hata hiyo ilikuwa na wenyewe. Shemeji yake Mudrik, mdogo wa marehemu, alikuwa na madrasa ya wasichana pale pale Kilindoni, Mafia, na alikuwa ameiomba kwa ajili yao. Bi Asmahani alikubali kwa moyo mweupe. Wasiwasi ulimwingia siku Mudrik alipokuja na sidii ya kufundishia Kurani, akaitia, kompyuta ikaikataa. Ilisema haina nafasi, imejaa.

"Imejaa nini, shemeji?" Mudrik aliuliza huku akikuna ndevu. "Kaka hakuwa mtu wa kuandika. Basi Alhamisi baada ya alasiri nitakuja kuichukua, nimpe fundi aichungulie ndani."

Akaaga, akaenda zake, akamwachia mjane wa watu lile neno: aichungulie.

Mambo yalikuwa hivi. Hamdu alipoacha biashara ya mbata alinunua mashine ile na modemu yake, na tangu hapo kila akirudi sokoni aliketi mbele yake mpaka jua lipoe. Bi Asmahani akiingia na kahawa, picha zinatoweka, anabaki Hamdu na kioo cheupe, anatabasamu kama mtoto aliyeiba sukari. Mkewe hakuuliza. Ila masikio anayo, na harusini wanawake husema. Husema wanayoyatazama waume zao huko mtandaoni, mpaka mtu unatamani kuvuta buibui ufunike uso. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Bi Asmahani aliogopa kwamba lilikuwa limekuja kwake, na kwamba fundi wa watu angelitoa nje na kulitembeza mtaani, na mwenyewe Hamdu yuko kaburini hawezi kujitetea.

Na huyu si mwanamke wa kuogopa kuona. Yeye ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake wa Kilindoni. Wake kwa waume walimheshimu kwa hilo, na akina mama wengine walikuwa wamekwisha kumuusia wakiwa wazima: siku yangu ikifika, aniguse Asmahani, asiniguse mwingine. Kisiwa kilikuwa kimepita mikononi mwake, isipokuwa watu wawili, nao ndio waliokuwa wake.

Wa kwanza ni Hemedi, mwanawe wa pekee. Hifadhi ya bahari ilipoanzishwa na watalii wakaja nyuma yake, Hemedi alipata kazi ya kuwapeleka wazamiaji kwa boti, na wakati ule familia ilikaa Utende, mlangoni pa maji. Siku moja akirudi peke yake, boti ilipinduka pale Ghuba ya Chole inapofunguka na maji kupwa kwa nguvu. Boti za hifadhi zilizunguka, wavuvi wa Chole na Bwejuu walizunguka. Boti ilionekana. Hemedi hakuonekana. Wakamsalia bila jeneza.

Bi Asmahani alihama Utende wiki ile ile. Huku Kilindoni dirisha la sebule lilitazama bahari, akamwita fundi akaliziba kwa matofali. Bahari haikutajwa tena ndani ya nyumba yake. Samaki hakupikwa. Kuishi Mafia bila kula samaki ni kichekesho, na majirani walicheka, lakini kwa adabu. Hamdu hakubisha. Alikula maharage ya mkewe akashukuru, na siku nyingine akirudi sokoni vidole vyake vilinukia ndimu, Bi Asmahani akajua mzee amekula changu wa kukaanga huko na kunawa vizuri. Akajifanya hana pua. Ndoa nayo ina mambo yake ya kutonusa.

Wa pili ni Hamdu mwenyewe. Alipofariki, Bi Asmahani aliomba amwoshe. Dini inamruhusu mke, na mikono inaijua kazi. Lakini wanaume wakasema wao wapo, bibi akae na wenzake, na kwa siku kama ile mtu hana nguvu za kubishana. Akakaa ukumbini akisikia maji yakimwagwa chumbani, akijua kila mmwago ni wa upande gani.

Basi Alhamisi baada ya adhuhuri alimwita mpangaji wake wa chumba cha uani, mwalimu Clotilda. Huyu alikuwa mtu wa Bukoba, akifundisha hesabu na kompyuta skuli ya sekondari, binti mpole aliyekuwa na tabia ya kufuata alichoambiwa mpaka mwisho wa herufi. Habari za Hemedi alikwisha kuzisikia kwa majirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nataka unisafishie mashine hii, kila alichokitazama marehemu kitoke. Lakini nisikilize. Hii ni kazi ya kuosha maiti. Mwosha hatazami asichohitaji kutazama. Na akiona kitu kwa marehemu, hasemi. Hata kwangu. Umenifahamu?"

"Nimekuelewa, mama. Sitasema."

Clotilda akafunua kitambaa. Bi Asmahani akakaa mkekani, akaipa kompyuta mgongo, akachukua ukili wake na kuanza kusuka. Pangaboi lilizunguka polepole. Joto la mchana lilikuwa limeinyamazisha mitaa yote, na mle sebuleni sauti ilikuwa moja tu, ya kubofya kwa Clotilda.

"Historia ameifuta mwenyewe," Clotilda alisema baada ya kitambo. "Nadhani alifuta kila siku. Ila kufuta historia ni kupangusa nyayo mlangoni tu, mgeni bado yumo ndani. Brauza ikifungua ukurasa hujiwekea nakala za picha kwenye folda ya mafaili ya muda, na folda hiyo imefichwa. Ngoja niiambie kompyuta ionyeshe vilivyofichwa." Akabofya, akabofya tena. "Hii hapa. Mh! Mama, kwa kawaida folda hii huwa ndogo, vya zamani vinatoka vyenyewe. Hii mtu ameipanua kwa mkono wake. Hakutaka kitoke hata kimoja."

Ukili ulisimama vidoleni. Hakutaka kitoke hata kimoja. Ewe Hamdu.

Akaendelea kusuka. Kope zilimlemea, maana juzi na jana hakulala, na kati ya jicho na usingizi aliona maji yakiingia sebuleni. Yaliingia bila kishindo, meupe, ya uvuguvugu, yakafika magotini, na mkeka ukaelea. Hamdu alikuwa ameinama ndani ya maji yale na kata mkononi, kanzu ameikunja mpaka kiunoni, anamwosha mtu. Alianza upande wa kulia, taratibu, kama anavyopaswa. Bi Asmahani alitaka kumwambia asogee kidogo amwone anayeoshwa, lakini mdomo haukufunguka, na Hamdu hakugeuka.

"Yesu wangu," mtu alisema.

Akazinduka. Mkeka ulikuwa mkavu. Aliyesema ni Clotilda, tena kwa sauti ndogo, na baada ya hapo hakusema tena. Hakubofya. Alikuwa akivuta kamasi.

"Umeona?" Bi Asmahani aliuliza, bado ametazama ukuta.

"Nimeona, mama."

Akangoja. Clotilda alinyamaza.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hakuna aujuaye mshindo wa kimya kama mwosha maiti. Mara ngapi yeye mwenyewe ametoka chumbani kwa maiti, watu wakamtazama usoni, akapita bila neno, na kila mtu ukumbini akaelewa? Huyu mtoto alikuwa analia. Basi lilikuwa baya kweli kweli. Bi Asmahani alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, huzuni ya mtu aliyelala na mgeni miaka yote akidhani ni mumewe.

"Futa," alisema. "Futa vyote."

Akasikia vidole vikigusa vitufe. Kisha Clotilda akasema, "Inauliza, mama."

"Inauliza nini?"

"Inauliza, una uhakika?"

Mashine ina adabu kuliko watu, Bi Asmahani alijiwazia. Watu hawakumwuliza. Walimfungia mlango, wakamwosha Hamdu, wakambeba. Na sasa kwa mara ya kwanza amekabidhiwa yeye, mikononi mwake, naye amekaa amempa mgongo. Alikumbuka maiti aliowaosha: wa vidonda, wa kuungua, mama aliyekaa majini. Hakumfumbia jicho hata mmoja. Mwosha akifumba macho ataosha vipi?

"Acha," alisema. "Usiguse."

Akageuka.

Kioo kilikuwa cha buluu tupu. Vipicha vidogo vilijipanga safu kwa safu, na Clotilda alipovisogeza chini havikwisha, vilizidi kuja. Bi Asmahani alisogea kwa magoti. Matumbawe. Kasa amelala chini ya mwamba. Majani ya baharini yameinama upande mmoja. Mchanga, na mwanga wa jua umeshuka mpaka kwenye mchanga ule na kutulia. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Hapakuwa na mtu.

Cha kwanza kilichomjia kilikuwa hasira. Bahari! Ndani ya nyumba yake, mbele ya dirisha aliloliziba!

"Ni picha za wazamiaji," Clotilda alisema, akifuta macho kwa kiganja. "Wageni wanaokuja Chole, wakirudi kwao wanaziweka mtandaoni. Tazama, zote zimeandikwa mahali. Kuna za pwani ya Kenya na za Pemba, hizo alizifungua mara moja akaziacha. Baadaye ni Ghuba ya Chole tu. Na huku mwisho ni pale ghuba inapofunguka. Picha hii," akaikuza ikajaa kioo, "ndiyo ya siku za mwisho kabisa kabla hajalazwa hospitali."

Ilikuwa bonde dogo la mchanga kati ya matumbawe mawili. Samaki wadogo wa manjano walisimama juu yake bila haraka. Mahali pa mtu mmoja kulala.

Bi Asmahani alilitazama bonde lile, na hasira ikamtoka bila kuaga. Alikuwa akimtafuta. Miaka yote ile, mzee yule asiyejua hata kuogelea, alishuka kila siku chini ya maji kwa macho yake, jiwe kwa jiwe, akimtafuta mtoto wao, na mke akiingia na kahawa anapanda juu haraka asije akamuumiza.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Uliniambia nisiseme, mama. Hata kwako."

Bi Asmahani akaweka kiganja mdomoni. Wallahi, ndivyo alivyomwambia. Sheria ya mwosha ina pande mbili, naye, aliyeifundisha kwa wasichana wangapi, alimpa Clotilda upande mmoja. Ukiona baya, sitiri. Ukiona jema, sema, watu wafarijike. Huo wa pili hakuutaja, maana hakutegemea kuuhitaji. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba kwa Hamdu hakutegemea jema.

"Nilikupa nusu ya sheria," alisema, na machozi aliyoyanyima njia tangu Utende yakashuka.

"Hodi!" Mudrik alikuwa mlangoni, ametoka msikitini. "Shemeji, iko tayari?"

"Bado," Bi Asmahani alijibu bila kuondoa macho kwenye kioo. "Niko makaburini. Vua viatu uingie."

Mudrik aliingia na maneno mdomoni, akaona kioo, akaona nyuso za wanawake wale wawili. Bi Asmahani akamwelekeza kwa kidole lile bonde la mchanga. "Hemedi," alisema. "Kaka yako alikuwa anakuja kumzuru hapa kila siku. Nami ndiye niliyemfanya aje kwa siri."

Mudrik alikaa mkekani, akafunua viganja, akasoma Fatiha, na Bi Asmahani akaitikia amina. Clotilda naye, kando, akafanya ishara ya msalaba kifuani. Pangaboi lilizunguka juu yao, na mwanga wa buluu ukawa usoni kwa wote watatu.

Walipomaliza, Bi Asmahani alipangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Mwalimu, picha hizi zikitoka humu, zimepotea?"

"Hapana, mama. Hizi ni vivuli tu. Zenyewe zipo mtandaoni."

"Na bahari yenyewe ipo Utende," Bi Asmahani alisema, na neno bahari lilitoka kinywani mwake kwa uzito wa mlango uliovimba. "Maiti hacheleweshwi. Nisogezee hicho kipanya."

Clotilda akamwekea mkono juu ya mkono. Mashine ikauliza tena kama ana uhakika. Bi Asmahani akasema Bismillahi, akabofya. Vipicha vikaanza kutoka, kutoka juu kwenda chini, matumbawe, kasa, majani, na yeye alivitazama mpaka cha mwisho, jicho wazi. Folda ikabaki nyeupe. Akafumba kiganja, akakifumbua, akaona kimelowa jasho.

Mudrik aliifungasha kompyuta katika shuka, akaibeba. Kizingitini akasita. "Shemeji, nilikwisha kuropoka kwa watu kwamba imejaa sijui nini. Wakiniuliza, niseme nini?"

"Sema mwosha ameona jema."

Akaitika kwa kichwa, akashuka ngazi.

"Na kesho baada ya Ijumaa utanipeleka Utende," Bi Asmahani alimwitia. "Lakini leo ukitoka madrasa nipitie sokoni. Niletee changu, wawili, wabichi."

Mudrik alisimama katikati ya njia na kompyuta kifuani, akidhani amesikia vibaya. Bi Asmahani alikuwa amekwisha kuingia jikoni. Alifungua kabati, akafungua kapu, akainua mfuniko wa kila chungu. Kisha akaita kuelekea uani.

"Clotilda, mwanangu, huko kwako una ndimu?"